Wana wa Hakosi na Mlango wa Ubatizo

Wako wazee wa kanisa wanaoshika Ezra 2:62 kama kufuli: jina halikuonekana katika orodha ya nasaba, basi nje. Tumesikia hata mtoto asiyejulikana baba yake akinyimwa ubatizo kwa aya hiyo. Wapendwa, ya 63 mmeisoma? Liwali aliwazuia wana wa Hakosi mpaka asimame kuhani mwenye Urimu na Thumimu. Mpaka! Nasi tunakiri kwamba Kuhani Mkuu amekwisha kusimama. Mnamngoja nani?

Tena, ukuta wa Yerusalemu ulipojengwa, Meremothi wa ukoo huohuo wa Hakosi alijenga sehemu mbili (Neh. 3:4, 21), ya pili ikianzia mlangoni pa Eliashibu, kuhani mkuu mwenyewe.