Gunia la Mkaa na Majirani Watatu

Ndugu zangu wa Goma, Gisenyi na Kisoro, nanyi mliohamia mbali mkaacha wazazi huko: gunia la mkaa mnalonunua limepita mikono mingi. Kwa miaka mingi mkaa uliochomwa kwa wizi ndani ya Hifadhi ya Virunga umeyalisha makundi yenye silaha, waasi wa FDLR wakiwemo.

Sisemi mama anayechemsha maharage ndiye mwenye kosa. Maharage hayaivi kwa hotuba. Nasema nishati, msitu na usalama wa nchi zetu tatu, Kongo, Rwanda na Uganda, vimo ndani ya gunia hilo moja, na mawaziri peke yao hawatalifungua.

Mfano tunao. Mwaka 1991 mashirika matatu ya uhifadhi yaliungana kuwalinda sokwe wa milimani. Vita vikaja, nchi hizo tatu zikawa maadui. Bado mashirika hayo yakaendelea kuwakutanisha askari wa hifadhi wa pande zote, wakapashana habari za mitego, wakafanya doria pamoja. Serikali zilitia saini mkataba wa ushirikiano mwaka 2015, wakati wahifadhi walikuwa wamekwisha kuzoeana zamani. Sokwe wa milima ya Virunga, waliokuwa 250 hivi mwanzoni mwa miaka ya 1980, walifikia 604 katika hesabu ya 2015 na 2016.

Kwa mkaa hatujakaa pamoja hivyo. Bwawa la umeme la Matebe lilizinduliwa Rutshuru mwaka 2015, na mradi wa EcoMakala umewahimiza wakulima wa Kivu Kaskazini kupanda miti ya mkaa mashambani mwao. Mema yote mawili, ila jikoni mkaa ungali unatawala.

Basi nawaomba akina mama mnaovuka mpaka wa Goma na Gisenyi pale Petite Barrière na mizigo: ninyi mnajuana kuliko mabalozi. Vikundi vyenu, vyama vya wakulima, parokia na misikiti, kaeni pamoja mjadili bei ya umeme wa kupikia, majiko sanifu, na mkaa unatoka wapi. Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025; kuitisha kikao huko si jambo la kusema kirahisi. Anzeni Gisenyi, anzeni Kisoro. Mkishaandika mnachokubaliana, kipelekeni kwa wabunge wa nchi zote tatu, kwa maneno yale yale.

Nanyi mlio ughaibuni, mkituma pesa ya mkaa mwezi huu, ongezeni ya jiko sanifu, na mwombeni mama alipeleke kikundini wenzake walione.