Haki Haina Likizo

Kalenda ya shule nchini Kenya ina mihula mitatu na likizo tatu: ya Aprili, ya Agosti, na ile ndefu ya Novemba na Desemba. Ukizijumlisha, mwanafunzi hukaa nyumbani zaidi ya robo ya mwaka, kabla hujahesabu mapumziko ya katikati ya muhula na wikendi. Kwa watoto wengi huo ni wakati wa kuchunga mbuzi, kumsaidia mama sokoni na kucheza mpira hadi giza liingie. Kwa mtoto mwenye ulemavu, mara nyingi ndio wakati ambapo yote aliyoyapata shuleni hukatika kwa mpigo mmoja: mazoezi ya viungo, lugha ya ishara, dawa kwa saa yake, chakula cha mchana, hata mtu wa kuzungumza naye. Toleo hili linawahusu watoto hao, na mhariri ana hoja moja ya kulifungulia. Msaada anaopewa mtoto mwenye ulemavu ni mali ya mtoto, wala si mali ya shule. Basi siku ya kufunga shule utoke naye langoni, na siku ya kufungua urudi naye. Elimu jumuishi inayoishia langoni imefanya nusu ya kazi.

Tuitazame hoja hiyo tukiwa Kariandusi. Wageni wanapajua kwa shoka za mawe za kale ambazo kundi la Louis Leakey lilizifukua kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, na kwa machimbo ya daiatomaiti yenye vumbi jeupe. Wakazi wanapajua kwa miteremko yake kati ya vilima na Ziwa Elementaita, kwa barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru ambako malori hayapunguzi mwendo, na kwa vijia vya vumbi ambavyo mvua ikinyesha hugeuka matope yasiyopitika kwa kiti cha magurudumu. Mtoto wa hapa anayehitaji tathmini au tabibu wa viungo huelekezwa Gilgil au Nakuru. Akiwa kiziwi, atatajiwa Shule ya Viziwi ya Ngala iliyo Nakuru. Akihitaji upasuaji wa mifupa, atatajiwa Kijabe, ambako hospitali ya CURE ilifunguliwa mwaka 1998. Kila safari ni nauli ya mzazi na ya mtoto, na pengine ya kiti chake kinachofungwa juu ya matatu. Ndiyo maana muhula ukiendelea, shule ya karibu huwa ndiyo zahanati, ndiyo jiko, ndiyo ofisi ya ustawi wa jamii. Ikifungwa, yote hayo hurudi kuwa mbali kama yalivyokuwa kabla mtoto hajaandikishwa.

Sheria ya nchi, ukiisoma kwa makini, iko upande wa mtoto. Kifungu cha 54 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata elimu katika taasisi zilizo ndani ya jamii. Kifungu hicho hicho kinampa pia haki ya kutumia lugha ya ishara, breli na njia nyingine za mawasiliano zinazomfaa, na haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kuvishinda vikwazo vinavyotokana na ulemavu wake. Haki hizo amepewa mtu. Hakuna palipoandikwa kwamba atazifaidi kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa alasiri, katika majuma ya muhula tu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003, imeongeza uzito juu ya msingi huo. Tatizo liko katika namna tunavyopanga fedha na hesabu zetu. Tangu elimu ya msingi bila malipo ianze Januari 2003, mgao wa serikali humfuata mwanafunzi kupitia akaunti ya shule na hutumika kwa mambo ya shule. Kifaa kikinunuliwa, huandikwa katika daftari la mali ya shule. Nyumbani hakuna aliyeulizwa wakati wa kupanga, na asiyekuwepo na lake halipo.

Je, kuna ushahidi kwamba likizo humrudisha nyuma mtoto huyu kuliko wenzake? Swali hilo limewahi kujibiwa mahakamani. Mwaka 1979, katika kesi ya Armstrong dhidi ya Kline, wazazi wa Pennsylvania nchini Marekani walipinga kanuni ya jimbo iliyomwekea kila mtoto kikomo cha siku 180 za masomo kwa mwaka. Mahakama ilikubaliana nao kwamba kikomo cha jumla hakiwezi kutumiwa kwa watoto wenye ulemavu mkubwa, na mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ilibariki msimamo huo. Mambo mawili ndiyo yaliyopimwa: mtoto hupoteza kiasi gani anapokatiziwa huduma, na humchukua muda gani kukirudisha alichopoteza. Kila mtoto husahau kitu likizoni, lakini wengi hukikumbuka baada ya siku chache darasani. Mtoto aliyehitaji muhula mzima kujifunza kushika kijiko huenda akahitaji sehemu kubwa ya muhula mwingine kukishika tena. Kenya haina fedha za Pennsylvania, na hatuhitaji kuiga hukumu hiyo. Kipimo chake, hata hivyo, hakigharimu hata shilingi, na mwalimu yeyote anaweza kukitumia.

Tukitumie kwa watoto watatu tunaowajua sote kwa aina, hata kama hatuwataji kwa majina. Wa kwanza ana mtindio wa ubongo. Mifupa yake inakua, misuli iliyokaza haikui kwa kasi hiyo, na asiponyooshwa viungo kwa majuma kadhaa goti na kifundo cha mguu huanza kujikunja na kugoma. Wa pili ni kiziwi aliyetoka shule ya bweni, ambako anasimulia, anatania na kubishana kwa mikono. Nyumbani hakuna ajuaye ishara zaidi ya zile za kula na kulala; anakaa mezani na watu saba na hana wa kuongea naye. Wa tatu ana kifafa. Shuleni mwalimu ndiye aliyekuwa akimkumbusha kumeza dawa, na dawa hiyo ikisitishwa ghafla inaweza kuleta degedege refu linalohatarisha maisha. Hasara hizi tatu hazifanani. Ya kwanza hupimwa kwa nyuzi za goti, ya pili kwa upweke, na ya tatu huenda isirekebishike kabisa. Janga la korona lilituonyesha hali hiyo kwa ukubwa usiofichika. Shule zilifungwa Machi 2020, na madarasa mengi hayakufunguliwa hadi Januari 2021. Taifa lilihamishia masomo redioni, lakini redio haina ishara wala mikono ya kunyoosha mguu.

Kuna hatari nyingine ambayo haisemwi sana kwenye mikutano ya wazazi. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2012 ulikadiria kwamba watoto wenye ulemavu wamo katika hatari ya kufanyiwa ukatili mara 3.7 zaidi ya wenzao, na kwa wenye ulemavu wa akili hatari ya ukatili wa kingono ilikuwa mara 4.6. Tafiti hizo zilitoka hasa katika nchi tajiri, lakini hakuna sababu ya kudhani kwamba msichana anayefungiwa nyumbani peke yake Agosti nzima, kwa vile mama ameenda kibarua shambani, yuko salama zaidi huku kwetu. Shule ikiwa wazi, kutokuja kwake kungeonekana na mtu angeuliza. Likizoni hakuna daftari la mahudhurio.

Pendekezo letu ni dogo kwa makusudi. Kila mtoto mwenye ulemavu aondoke shuleni na karatasi moja ya makabidhiano, iliyoandikwa kwa lugha inayosomwa nyumbani kwake, iwe Kiswahili, Kikuyu au Kimaasai, na michoro kwa asiyesoma. Iseme mambo manne: mtoto anaweza nini sasa, afanyiwe nini kila siku, dalili gani zikionekana apelekwe hospitali, na nani apigiwe simu. Kisha mzazi aonyeshwe kwa mikono. Mtoto huketishwa mkekani, mguu umenyooka. Kiganja kimoja cha mama kinashika kisigino, kingine kinazuia goti lisikunjike. Wayo unasukumwa taratibu kuelekea upande wa muundi, unashikiliwa akihesabu hadi thelathini, kisha unaachiliwa. Miguu yote miwili, mara kadhaa, kazi imekwisha kabla chai haijachemka. Vifaa navyo si lazima vitoke dukani. Katika ufundi ulioanzia Zimbabwe na kuenea hadi Kenya, boksi kuukuu na magazeti hubandikwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga wa ngano, yakakaushwa juani hadi yakawa magumu kama mbao. Kwa njia hiyo hutengenezwa kiti cha kona kinachomshikilia mtoto asiyeweza kuketi wima, naye akala akiwa ameketi kama wengine.

Pingamizi la kwanza tunalolitarajia ni la kisheria. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imepiga marufuku masomo ya likizo, na tunaiunga mkono. Ilikuja kuzuia biashara ya kuwatoza wazazi ili watoto wakaririshwe mitihani wakati wa kupumzika. Kumnyoosha mtoto mguu, kumpa dawa yake na kuzungumza naye kwa lugha anayoielewa si masomo ya ziada. Hayo ni malezi, na mtoto wa aina hii akiyakosa hata mapumziko yenyewe hayapati. Kiziwi asiyeweza kusema anaumwa wapi hajapumzika.

Pingamizi la pili hutoka kwa walimu wakuu: kifaa cha shule kikienda nyumbani kitapotea, kitaharibika, au kitauzwa. Hofu hiyo si ya bure, maana daftari la mali hukaguliwa na mwalimu mkuu ndiye atakayeulizwa. Lakini kiti cha magurudumu kilichotengenezwa vizuri hupimwa kwa mwili wa mtoto mmoja, upana wa nyonga na urefu wa paja lake. Kikifungiwa stoo Desemba nzima hakimfai mtu mwingine yeyote, huku mwenyewe akiburuzwa chini au akibebwa mgongoni na dada yake. Dawa ya hofu hiyo ni saini: mzazi atie sahihi, jina la mtoto liandikwe kwenye kiti, na mzee wa mtaa awe shahidi. Shule zetu huazimisha vitabu kwa njia hiyo hiyo kila muhula.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote, nalo ni la wazazi. Wanauliza: mnatuongezea kazi, mnatuongezea nini cha kuifanyia? Malipo ya Inua Jamii kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na si kila anayestahili ameandikishwa. Ni kweli pia kwamba neno "mzazi" katika mazungumzo haya humaanisha mama, ilhali Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema malezi ni wajibu sawa wa baba na mama. Kwa hiyo makabidhiano yasifanywe na mama peke yake. Baba aitwe, ndugu wakubwa waitwe, maana mara nyingi ndugu ndio wanaojifunza ishara haraka kuliko watu wazima. Na serikali ibebe sehemu yake. Wahudumu wa afya ya jamii, waliopewa vifaa na kupangiwa posho mwaka 2023, tayari hutembelea kaya. Kaunti ya Nakuru inaweza kuwakabidhi orodha ya watoto wa shule wenye ulemavu kila likizo inapoanza, wakapita kuangalia dawa, viungo na usalama wa mtoto. Vituo vya tathmini ya elimu, vilivyoanza kuanzishwa mwaka 1984, vina wataalamu wanaoweza kuwafunza.

Wapo watakaosema njia rahisi ni kuwaacha watoto hawa bwenini mwaka mzima, kwa kuwa huko wanatunzwa. Tunaelewa huruma iliyo ndani ya wazo hilo, na tunalikataa. Mtoto asiyerudi nyumbani huzoeleka kuwa mtoto wa shule. Anapomaliza akiwa na umri wa miaka 18 au 20, anarudi kijijini ambako hana rafiki, hana nafasi katika kazi za nyumbani, wala jirani anayejua jina lake. Bweni linaweza kuwa la lazima kwa baadhi yao, hasa viziwi wanaohitaji wenzao ili lugha yao ikue. Hiyo ni sababu zaidi ya kuipeleka lugha hiyo hadi nyumbani kwao.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu wenye ulemavu kuwa asilimia 2.2 ya Wakenya wenye umri wa miaka mitano na kuendelea. Walio chini ya miaka mitano hawakuwamo katika hesabu hiyo, na watoto wengi wenye ulemavu tunawajua kwa sababu tu siku moja walifikishwa shuleni. Tunaziomba bodi za shule za Kariandusi, Elementaita na Gilgil ziweke jambo moja kwenye ajenda ya kikao cha mwisho cha muhula huu: kila mtoto mwenye ulemavu anaondoka na nini, na nani atampigia simu mzazi wake katikati ya likizo. Shule isiyo na jibu isifunge hadi iwe nalo.