Laptopu Yako Haijafa, Wacha Kudanganywa

Wasee, wacha niseme hii kitu bila kuzunguka: laptopu yako haijafa. Ulitoka Windows 10 ukaingia Windows 11, gemu zikaanza kukwamakwama, na kila uliyemuuliza akakupa jibu moja: "Hiyo imezeeka, nunua ingine." Mimi nakataa. Huo ni ushauri wa uvivu, na mara nyingi anayeutoa ana kitu cha kukuuzia.

Tuelewane tunaongelea mashine gani. Si zile za mataa ya rangi unazoona kwa video za majuu. Ni ile ya ex-UK iliyotoka Luthuli ama Moi Avenue: Core i5, RAM giga 8, kadi ya grafiksi haina. Hiyo ndiyo unachezea gemu, ndiyo unaeditia video, ndiyo dadako anatafutia kazi za onlaini usiku. Nyumba nyingi ziko na moja tu. Ukimwambia mtu wa hivyo "nunua mpya", unamwambia aende akope. Kwa ajili ya nini? Kwa sababu hakuna aliyejisumbua kufungua setingi dakika kumi.

Na hatukuhama kwa kupenda. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walifunga huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 nayo inataka TPM 2.0 na prosesa iliyo kwa orodha yao, na kwa Intel orodha hiyo karibu yote ni kizazi cha 8 kwenda juu. Kwa hivyo mashine nzima, inayowaka vizuri, ikageuzwa takataka na orodha. Wengi wetu tukapitia njia za panya tukaiingiza hivyo hivyo. Sasa inakokota, na lawama inabebeshwa laptopu.

Hebu tuangalie kinachoikokotesha kweli.

Kwanza, usihukumu siku ya kwanza. Ukimaliza kuhama, Windows inapanga upya orodha ya mafaili na kushusha apdeti kimyakimya. Iache imalize, uzime, uwashe, ndipo upime.

Pili, draiva ya grafiksi. Fungua Device Manager. Ukiona imeandikwa Microsoft Basic Display Adapter, mchawi umempata: mashine inatumia draiva ya dharura, na gemu haiwezi kwenda popote hapo. Chukua draiva kwa tovuti ya aliyetengeneza laptopu, ama Intel, AMD au NVIDIA wenyewe.

Tatu, na hii ndiyo hao wauzaji hawakuambii: kuna ulinzi unaitwa Memory Integrity, uko ndani ya Windows Security. Microsoft wenyewe wameandika kwamba unaweza kupunguza kasi ya gemu, na kwamba mchezaji anaweza kuuzima akicheza kisha auwashe akimaliza. Prosesa za Intel za kizazi cha 6 kurudi nyuma ndizo huumia zaidi, kwa sababu hazina kifaa cha ndani cha kufanya hiyo kazi, inabidi zikiigize kwa programu. Yaani mashine ileile, mzigo mpya mgongoni. Lakini sikia vizuri: ni ulinzi wa kweli. Ukimaliza kucheza, washa.

Nne, RAM. Kama huna kadi ya grafiksi, picha zote za gemu zinatumia RAM ya kawaida. Kipande kimoja cha giga 8 ni barabara ya leni moja. Vipande viwili vya giga 4 ni leni mbili, RAM ni ileile kwa hesabu lakini gemu itahisi tofauti. Na kama bado uko na hadi diski ya kuzunguka, weka SSD. Haitaongeza fremu sana, ila kusubiri na kugandaganda kutapungua.

Tano, joto. Laptopu imetumika ofisini Ulaya miaka, ikaja hapa, na haijawahi kufunguliwa. Vumbi limeziba feni, pesti imekauka. Prosesa ikichemka inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Fundi anayejua kazi atasafisha na kubadilisha pesti kwa pesa kidogo sana ukilinganisha na mashine mpya.

Sita, shusha rezolusheni bila aibu. 1920 kwa 1080 ni pikseli zaidi ya milioni 2. 1280 kwa 720 ni kama 920,000 tu. Umeiondolea mashine zaidi ya nusu ya kazi kwa kubonyeza mara moja.

Najua kuna msee atakuja kwa komenti: "Hata ukifanya hayo yote, gemu mpya haziingii." Ni kweli, na sitakudanganya. Hakuna setingi inageuza i5 ya kizazi cha 6 kuwa mashine ya gemu za mwaka huu. Lakini swali halikuwa hilo. Gemu iliyokuwa inaenda sawa mwezi jana inafaa iende sawa leo. Kama haiendi, kuna kitu kilibadilika, na si umri. Na kama hujapitisha siku 10 tangu uhame, kwa kawaida Recovery inakuruhusu urudi ulikotoka.

Wenye wananikasirisha kabisa ni kontentkrieta wenzangu wanaobandika linki ya "busta ya FPS" na kukuambia uzime antivairasi kwanza. Kwanza! Mtu anakuambia ufungue mlango ndipo mgeni aingie, na hushangai? Laptopu hiyo ndiyo iko na eCitizen yako, imeili yako, pasiwadi za akaunti zinazokulisha. Fremu tano za ziada haziwezi kulipa hiyo hasara.

Mimi sikumaliza kampasi, na haya yote sikufundishwa darasani. Yako wazi kwa mtu yeyote mwenye subira ya jioni moja. Kwa hivyo next taimu mtu akikuambia ununue mpya, muulize swali moja tu: "Umeangalia draiva?" Akianza kugugumiza, weka pesa yako mfukoni.