Mabanga: Kompyuta ya gari si ya kujaribia

Katika garaji za Mabanga, kuna mafundi wanaofungua mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya laptopu, ili programu ya zamani ya Windows XP ikubali kufanya kazi. Kusoma makosa ya injini hivyo si vibaya. Kuandika upya kompyuta ya injini ni hatari: data inapitia mifumo miwili, na USB ikiachia katikati, au umeme ukikatika, gari linaweza kugoma kabisa kuwaka.

Nani anaumia? Mwenye gari, na familia iliyokimbia vita inayongoja gari hilo libebe vyombo vyake. Basi mwenye gari aulize kwanza: faili ya mwanzo imehifadhiwa? Betri zimejaa? Jibu likikosekana, aondoe gari lake.