SHEHIA NI YA NANI?

Wasomaji wetu ambao hawajapata kufika Wesha huenda wakadhani kuwa ni kijiji cha wavuvi tu, magharibi ya mji wa Chake Chake, kisichokuwa na jambo la kuandikwa gazetini. Fikra hiyo si sawa, na leo twataka kueleza kwa nini si sawa.

Hori ya Chake Chake ni ya maji mafupi. Maji yakipwa, chombo hakiufikii mji, na kwa sababu hiyo Wesha ikawa ndiyo gati ya Chake. Mafuta ya kuendeshea magari na mashine hushushwa pale. Mitambo ya umeme wa dizeli iliwekwa pale, na kabla ya mwaka 2010, ulipofika umeme wa Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari, mitambo hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwasha taa za mji. Mgeni anayetaka kwenda kuitazama Misali hupandia chombo pale. Na mbele yake, katika ncha ya Ras Mkumbuu, yamelala magofu ya msikiti na makaburi ya watu waliokuwa na mji wao na utawala wao kabla Mreno hajaijua bahari hii.

Kwa ufupi, kisiwa kizima cha Pemba, ambacho kwa hesabu ya watu ya mwaka 2022 kilikuwa na watu 543,441, kina haja na Wesha kila siku inayopambazuka. Basi suala letu ni jepesi: jambo la kuihusu Wesha linapokatwa, Wesha huulizwa na nani, na ni nani anayeijibia?

Jawabu iko katika sheria. Kwa sheria ya tawala za mikoa ya mwaka 1998, na ile iliyokuja mahala pake mwaka 2014, Sheha huteuliwa na Mkuu wa Mkoa baada ya kupata ushauri wa Mkuu wa Wilaya. Mkuu wa Mkoa naye huteuliwa na Rais. Wananchi wa shehia hawamo katika mnyororo huo hata pete moja. Diwani tunampigia kura, Mwakilishi tunampigia kura, Mbunge tunampigia kura, na Rais tunampigia kura. Lakini mtu ambaye mlango wake ndio tunaougonga usiku, tukiwa na maiti wa kuzika, mtoto wa kuandikishwa, ugomvi wa mpaka wa shamba au barua ya kutafutia kitambulisho, huyo tunaletewa.

Haya si madogo. Wasomaji wetu wa Pemba hawajasahau mwaka 2009, pale kazi ya kuandikisha wapigakura ilipoanza huku kisiwani ikabidi isimamishwe kwa muda, kwa sababu ya ugomvi wa vitambulisho vya Mzanzibari mkaazi. Mtu alikuwa hana kura bila kitambulisho, na njia ya kitambulisho ilipita kwa Sheha. Watu waliozaliwa Pemba, na baba zao wakazikwa Pemba, walisema wazi kuwa wamenyimwa. Hapo kila mtu aliona kuwa kalamu ya Sheha, ambayo wakubwa wa mjini huiona ni kalamu ndogo, yaweza kuizima sauti ya mtu katika nchi yake.

Na tuwatazame jirani zetu. Tarehe 27 Novemba 2024 ndugu zetu wa Tanzania Bara walipiga kura kuwachagua wenyeviti wa vijiji, wa vitongoji na wa mitaa. Hatusemi kuwa uchaguzi ule ulikuwa hauna dosari. Malalamiko yalikuwa mengi, khasa ya wagombea kuondolewa majina yao kabla ya siku ya kura. Lakini tafauti ni kubwa baina ya mtu aliyenyang'anywa haki iliyoandikwa na mtu ambaye haki hiyo hakuandikiwa kabisa. Wa kwanza ana karatasi ya kuidaia. Kule Bara, kwa sheria ya mwaka 1982, watu wazima wote wa kijiji ndio mkutano mkuu wa kijiji, na mbele ya mkutano huo ndipo khabari za mapato na matumizi zinapopasa kusomwa. Sisi wa Visiwani, ambao twajisifu kwa ustaarabu wa kale, tuna sababu gani ya kuwa nyuma katika jambo hili?

Tumewasikia wanaosema kuwa watu wa vijijini hawajawa tayari. Maneno haya tunayajua, kwani wazee wetu waliambiwa hayo hayo. Katika siku za Himaya ya Kiingereza, Mudiri na Sheha walikuwa watu wa Serikali, wakipokea amri kutoka juu na kuzishusha chini. Ilipofika Julai 1957, ndipo watu wa Unguja na Pemba walipopiga kura kwa mara ya kwanza, nayo ilikuwa kwa viti sita tu vya Baraza la Kutunga Sheria, na wanawake hawakuruhusiwa kuingia katika kituo. Ilisemwa kuwa hawajawa tayari. Januari 1961 wakapiga kura, na mbingu haikuanguka. Wale waliokuwa wakisema kuwa watu hawajawa tayari hawakutaja hata siku moja ni lini watakuwa tayari. Na hawa wa leo hawataji.

Kama kuna anayetaka ushahidi kuwa mtu wa kijijini ajua kuamua jambo lake, basi asiende mbali. Apande chombo Wesha aende Misali.

Misali ni kisiwa kidogo chenye maji matamu kwa mvuvi, kwani ndiko anakokwenda dago, akalala siku kadhaa, akavua, akarudi na riziki ya watoto. Wazee husimulia kuwa Nabii Khidhri alifika pale akaomba msala wa kusalia, wavuvi wakawa hawana, naye akasema kuwa kisiwa chenyewe ndicho msala wake, na jina likatokana na hayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilipangwa kisiwa hicho akabidhiwe tajiri ajenge hoteli. Kwa karatasi za ofisini Misali ilikuwa haina mtu, kwani mvuvi wa dago hana nyumba ya mawe wala hati. Wavuvi wakakataa. Hawakuvunja kitu wala hawakumpiga mtu. Walisema, wakasema tena, wakapata wa kuwasaidia kusema, mpaka jambo la hoteli likaachwa, na mwaka 1998 Misali ikatangazwa kuwa ni eneo la hifadhi, wavuvi wenyewe wakiwa na jumuiya yao ya kulitazama.

Na jambo kubwa zaidi ni lile lililofuata. Wavuvi hawakudai kisiwa ili wakifuje. Walikubali sehemu moja ya bahari isivuliwe kabisa, ili samaki wazae. Walikubali kupambana na baruti na utupa, na walipoona kuwa amri ya Serikali peke yake haimkanyi mtu aliye baharini usiku, wakaingia misikitini. Masheikh wakafundisha kuwa bahari ni amana ya Mwenyezi Mungu, na kwamba anayeua makaazi ya samaki anakula riziki ya mtoto ambaye bado hajazaliwa. Mafunzo hayo ya Pemba yalitajwa hata katika nchi za nje. Mwaka 2005 hifadhi ikapanuliwa ikawa ya mkondo wa Pemba upande wa magharibi, na kamati za wavuvi za shehia zikapewa sehemu katika kazi hiyo. Watu waliofanya haya ndio wale wale wanaoambiwa kuwa hawajawa tayari kumchagua Sheha!

Twayakumbusha haya kwa kuwa jambo lenyewe halijesha. Mwisho wa mwaka 2021 Serikali ilitangaza kuwa visiwa vidogo kadhaa vya Zanzibar vimekodishwa kwa wawekezaji. Sisi si maadui wa mwekezaji. Kijana wetu anataka kazi, na Serikali inataka kodi ya kujengea skuli na spitali. Lakini mwekezaji anapoletwa kijijini, mtu wa mwanzo kuulizwa kwa niaba ya watu ni Sheha, na Sheha ameteuliwa na ofisi ile ile iliyomleta mwekezaji. Awe mtu mwema namna gani, mtu huyo amewekwa baina ya maji na moto. Akisema la watu, anahofia kazi yake. Akisema la wakubwa, watu wanamtoa katika mazishi na harusi zao. Hii ni dhulma kwa wananchi, na ni dhulma kwa Sheha mwenyewe.

Wapo wanaopinga kwa nia njema, nao twawajibu kwa heshima. Wanasema kuwa manahodha wengi chombo huenda mrama. Ni kweli, lakini sisi hatudai manahodha wengi. Tunadai nahodha mmoja, aliyechaguliwa na wenye chombo.

Wanasema pia kuwa kura ya Sheha italeta fitina za vyama mpaka katika visima na misikiti. Hoja hii haifai kudharauliwa. Pemba inaujua uchungu wa siasa, na tarehe 27 Januari 2001 damu ya watu wake ilimwagika. Yamewahi kutokea katika kisiwa hiki mambo ya watu kutozikana na kutouziana dukani kwa sababu ya kadi ya chama. Hatutaki kurejea huko. Kwa hivyo rai yetu ni hii: Sheha achaguliwe na mkutano wa wakaazi wote wa shehia, asimame kwa jina lake na sifa yake bila ya bendera ya chama chochote, akae muda unaojulikana, na watu wawe na njia ya kumwondoa akiharibu. Chama chetu kiwe tayari kushindwa katika kura hiyo na mtu bora asiye wetu. Tukiwa hatuko tayari kwa hilo, basi tuache kudai.

Lakini sheria haibadilishwi kwa siku moja, na hapa sasa tunageuza uso wetu kwa wanachama wenyewe. Wenzetu, na tuseme kweli. Wangapi katika sisi hukaa barazani tangu alasiri mpaka magharibi, tukipiga dhumna na kunywa kahawa, tukimsema Sheha, tukimsema Diwani, tukilisema Baraza la Mji, na siku ya mkutano wa shehia ikifika tunasema tuna shughuli? Mkutano ukihudhuriwa na watu tisa, watu tisa ndio watakaoamua njia ipite wapi, bomba lifike wapi, na jina la nani liandikwe katika orodha ya kaya maskini za kusaidiwa. Kisha sisi tuliokuwa tumelala tunaamka na kulia kuwa tumedhulumiwa. Sehemu ya dhulma hiyo tumeisaidia wenyewe.

Basi yapo mambo ambayo hayangoji sheria mpya, na matawi yetu yote, ya Wesha na ya kwengineko, yatapasa kuyaanza.

Kwanza, kila tawi liwe na watu wa kuhudhuria kila mkutano wa shehia na kuandika katika daftari lililoamuliwa, nani alikubali kufanya nini, na lini. Neno lililoandikwa halisahauliki kwa urahisi.

Pili, Diwani aitwe kijijini, bila ya kujali chama chake, aeleze fedha za Baraza zimetumika vipi katika wadi yake. Aulizwe kwa adabu, na aulizwe tena mpaka ajibu.

Tatu, wanawake waingie. Mama anayelima mwani na kuteka maji ajua shida ya kijiji kuliko mwanamme anayerudi usiku. Mikutano iwekwe saa ambayo mama aweza kuja, na akija asikalishwe nyuma ya ukuta kusikiliza tu.

Nne, kamati ya wavuvi ipewe nguvu. Vijana wajitolee kwa zamu za kulinda bahari na kwa kupanda mikoko palipokatwa, kwani ufuko usio na mikoko huliwa na bahari, na shamba la nyuma yake huingia chumvi.

Tano, Sheha aliyepo asifanywe adui. Akifanya haki asifiwe hadharani, na akikosea aambiwe hadharani, lakini asitukanwe. Tunagombana na namna ya kumpata Sheha. Hatuna ugomvi na mtoto wa watu aliyepewa kazi.

Uhuru wa nchi haukai katika bendera peke yake, wala katika majumba makubwa ya Chukwani na Dodoma. Hukaa pia chini ya mwembe wa kijiji, pale watu wanapokutana kuamua maji, njia, skuli na bahari yao. Wavuvi wa Misali waliokataa walikuwa hawana cheo wala mshahara. Walikuwapo tu, wakasema, na kisiwa kikabaki. Wazee walisema kuwa asiyekuwapo na lake halipo. Mkutano wa shehia ukiitwa, tuwepo.