Shule ya Mkiani Iulizwe Kwanza Ilipewa Nini

DAWATI LA NYUMA
Na Zuhura Mbwambo

Ingia ofisi ya mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya serikali kijijini, ukaribishwe kiti, kisha inua macho ukutani. Utakuta karatasi ya manila iliyopigwa mistari kwa rula: madawati, vyumba vya madarasa, matundu ya vyoo, walimu. Mbele yake kuna safu tatu: mahitaji, yaliyopo, upungufu. Kwa vyoo kipimo ni cha serikali yenyewe, tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25.

Mgeni kutoka wilayani huketi chini ya karatasi hiyohiyo, akasaini kitabu cha wageni, kisha akauliza: "Mwalimu, mbona mmeshika mkia kikata?"

Sina ugomvi na ufuatiliaji. Wapo walimu wanaosaini mahudhurio saa moja na nusu, saa tatu wako shambani, na hao wafuatwe hukohuko. Ninachogombania ni mpangilio wa maswali.

Tumeshaonja matunda ya kuanza na alama. Mwaka 2013, matokeo mabaya ya kidato cha nne yakiwa bado yanaitikisa Tanzania, mpango wa Matokeo Makubwa Sasa ulianza kuzipanga shule kwa nafasi na kwa rangi: kijani, njano, nyekundu. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walichambua takwimu za mwaka 2011 hadi 2016, wakakuta kwamba shule za mkiani katika wilaya zao zilipandisha alama kweli. Wakakuta na jingine: shule zilikuwa zikiwaengua watoto kabla ya mtihani wa darasa la saba. Wazazi wanaijua lugha yake. "Huyu bado mzito, arudie." "Mtafutieni uhamisho." Mwalimu asiyeweza kuongeza vitabu wala walimu, huku anadaiwa wastani, hupunguza anachoweza kupunguza, nacho ni watoto.

Januari 2023 Baraza la Mitihani (NECTA) liliacha kutangaza shule kumi bora. Uamuzi mzuri, ila haukumpeleka mwalimu wa hisabati hata mmoja kwenye shule ya mwisho.

Jimbo la California, Marekani, liligeuziwa mahakamani swali la shule ilipewa nini. Mwaka 2000 mwanafunzi Eliezer Williams na wenzake walilishtaki jimbo kwa shule zisizo na vitabu vya kutosha, majengo salama wala walimu wenye sifa. Mwaka 2004 pande mbili zikapatana. Tangu hapo maofisa wa elimu wa kaunti hutakiwa kuzitembelea shule za daraja la chini kila mwaka, na vitabu hukaguliwa ndani ya wiki nne za mwanzo wa masomo. Kila darasa hubandikwa tangazo la haki za mwanafunzi, na mzazi anaruhusiwa kulalamika bila kutaja jina. Halmashauri ya shule ikizembea, idara ya elimu ya jimbo inaweza kununua vitabu na kuidai. Sisemi shule za California sasa zimelingana. Lakini pale anayekaguliwa kwanza ni mwenye fungu.

Kwetu ruzuku hutolewa kwa kichwa, Sh10,000 kwa mtoto wa msingi kwa mwaka, na tunaona tumegawa sawa. Shule ya mjini, ambako wazazi huchangishana uji na mitihani ya majaribio, inapata kiwango kilekile cha shule ambayo watoto wanne wanavutania kitabu kimoja kisicho na jalada. Hapo usawa uko kwenye vocha tu.

Kwa hiyo fomu ya mdhibiti ubora ianze na ile safu ya upungufu, na alama zije baadaye. Nakala iende kwa mkurugenzi wa halmashauri ikiwa na tarehe ya kujibu, nyingine ibandikwe ofisi ya kijiji wazazi waisome. Tarehe ikipita bila jibu, orodha ya waliofanya vibaya isiandike jina la shule. Iandike la halmashauri.