KIMBIA, LAKINI NJIA YAKO INAPITIA WAPI?

 

Leo sitabembeleza mtu. Nawapenda, ndiyo maana nasema.

Jumamosi mbili zilizopita niliona picha yenu. Vijana kumi na mmoja wa kanisa letu mbele ya Fort Jesus, fulana za rangi moja, raba mpya, upepo wa kusi umewapuliza hadi mnapendeza. Mliandika: mbio za marafiki hadi Mtwapa, mazoezi na ushirika. Nami nikabonyeza alama ya moyo, nikaandika "Mungu awatie nguvu." Naungama mbele yenu: sikuuliza njia.

Njia nimeijua baadaye. Daraja la Nyali, Kongowea, Bamburi, Shanzu, Mtwapa. Na katikati vituo vinne. Baa tatu na mangwe mmoja wa mnazi.

Mpendwa, nataka tuelewane. Mimi sipingi kukimbia. Paulo mwenyewe katika 1 Wakorintho 9 anatumia mwanariadha kutufundisha kiasi. Na msimu huu ndio wenyewe, jua limepoa, baridi yetu ya Mombasa ambayo mtu wa Limuru angeicheka. Kimbieni! Lakini msiniambie vile vituo vilikuwa vya kupumzika.

Nitawaambia nilivyojua. Anayekimbia kwa mazoezi Mombasa utamkuta Mama Ngina alfajiri, kabla jua halijapanda. Ninyi mlianza saa nane mchana. Kwa nini saa nane? Sheria ya vileo ya mwaka 2010, ile tunayoiita Sheria ya Mututho, inaruhusu baa kufungua saa nane mchana Jumamosi. Hamkufuata saa ya mazoezi. Mlifuata saa ya kaunta.

Na jambo hili si geni. Mwaka 1938 kule Kuala Lumpur, Waingereza waliokuwa wakiishi huko walianzisha klabu iitwayo Hash House Harriers. Mmoja anatangulia kuweka alama za njia, wenzake wanamfuata mbio, na mwisho wa njia kuna bia. Klabu kama hizo zimeenea dunia nzima, na Kenya zimo. Lakini wale angalau ni wakweli! Wenyewe hujitania kwamba wao ni chama cha kunywa chenye tatizo la kukimbia. Ninyi mmechukua mchezo uleule, mkaubatiza jina "ushirika". Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo.

Najua majibu yenu, yamenifikia kwa simu.

"Pasta, Yesu aligeuza maji kuwa divai." Kweli, Yohana 2. Lakini soma vizuri: pale Kana kulikuwa na familia inakaribia kuaibika mbele ya wageni, na Bwana akaifunika aibu yao. Ninyi mlimfunika nani?

"Pasta, Timotheo aliambiwa atumie divai kidogo." Kwa ajili ya tumbo, 1 Timotheo 5:23. Sasa ninyi tumbo liliwauma Kongowea, likawauma Bamburi, likawauma Shanzu na Mtwapa?

"Pasta, mimi nilikunywa soda tu." Huyu ndiye ninayemtafuta leo. Ndugu yangu wa soda, sikiliza.

Katika kundi lenu alikuwamo ndugu mmoja aliyeacha pombe miezi kumi na minne. Ameniruhusu niandike haya bila jina. Mlimwalika kwa nia njema, na mimi ndiye niliyemwambia ajiunge nanyi asikae peke yake. Kituo cha kwanza alisimama nje. Cha pili akaingia, akaketi. Cha tatu mtu akasema, "Moja tu, umeshaitoa kwa jasho." Wewe wa soda ulikuwa hapo. Ulicheka. Saa sita usiku mkewe alinipigia simu akilia.

Warumi 14 inatufundisha kwamba hata kile usichohukumiwa nacho, kiache kikimwangusha ndugu yako. Soda yako haikuwa dhambi. Kicheko chako ndicho kilichomsukuma.

Jioni moja baadaye napita Kibokoni, mzee mmoja jirani yangu amekaa barazani na kahawa yake. Tunaishi vizuri, yeye na msikiti wake, mimi na kanisa langu. Akaniita taratibu, "Pasta, mwanangu, wale waliorudi wakiimba usiku si vijana wako?" Nikasema, "Ni wangu, mzee wangu." Hakuongeza neno. Alinimiminia kahawa. Wapendwa, kahawa ile ilikuwa chungu kuliko siku zote.

Lakini sitawapiga ninyi peke yenu. Kanisa letu lina mkesha Ijumaa na ibada Jumapili. Jumamosi tumewapa nini? Hakuna. Baa ina kiti, ina muziki, ina mtu wa kukuuliza habari za wiki. Tukimwambia kijana aondoke pale, lazima tumwonyeshe pa kwenda. Hilo ni kosa langu kama mchungaji, nami nalitubu.

Kwa hiyo Jumamosi hii, saa kumi na mbili asubuhi, tukutane Fort Jesus. Tutakimbia Mama Ngina hadi Lighthouse na kurudi. Kitambi changu mnakijua, nitakuwa wa mwisho, msinisubiri. Tukirudi Kibokoni kuna mahamri, mbaazi na chai ya tangawizi, kwa mfuko wangu. Yule ndugu atakuwepo. Anahesabu upya, na leo ni siku ya tisa. Wewe wa soda, njoo ukimbie kando yake.

Baba, tusamehe kwa njia tulizochagua. Mwinue aliyeanguka, na utufanye tuwe watu wa kusimama naye nje ya mlango. Kwa jina la Yesu.

Kama unakuja, andika AMINA. Kama una rafiki anayehesabu siku zake, mtumie ujumbe huu, kisha mpitie asubuhi mje pamoja.

Mbarikiwe.